Shoka Bila Bonde: Funzo la Waboni kwa Kamati Zetu za Sadaka

  

Ndugu zangu Waislamu, nianze na jambo lililonitokea mimi mwenyewe, kwani mwalimu asiyeanza kujihukumu mwenyewe hana haki ya kuwahukumu wengine. Hapa Mbweni ninapoishi na kufundisha, nimekuwa mjumbe wa kamati ndogo ya kukusanya sadaka za mwezi wa Ramadhani. Kila mwaka hukusanya unga, sukari, tende na mafuta, tukatengeneza mafungu, tukapita mitaani kugawa. Ramadhani moja nilimpelekea fungu lake mzee mmoja mvuvi. Nyumba yake imebaki katikati ya kuta ndefu za majumba ya watu wenye uwezo, mahali ambapo zamani palikuwa na minazi na mikorosho. Mzee alipokea, akaomba dua, kisha akaniambia kwa upole: "Ustadh, futari mmenipa, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini huu ni mwaka wa nne mnaniletea. Ningekuwa na nyavu, mwaka huu ningewafuturisha ninyi."

Niliondoka pale kichwa chini. Kilichonitia aibu zaidi ni kwamba wiki ile ile nilikuwa nimewasomesha wanafunzi wangu Hadithi ya shoka. Kwa miaka minne nilikuwa naifundisha Hadithi ile darasani, na kwa miaka minne nilikuwa naivunja mlangoni kwa yule mzee. Hakuna hata mmoja katika kamati yetu aliyewahi kumuuliza: Mzee, unaishi kwa kazi gani, na imekwama wapi?

Dirhamu mbili

Hadithi yenyewe ameipokea Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik (r.a). Mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume (S.A.W) kumuomba. Mtume hakumfukuza, na wala hakukimbilia kumpa. Alimuuliza ana nini nyumbani kwake. Yule mtu akasema ana nguo nzito ambayo upande mmoja hujifunika na upande mwingine huutandika, na chombo cha kunywea maji. Mtume akaviagiza viletwe, akavinadi mbele ya Masahaba. Mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume akauliza nani ataongeza, mwingine akatoa mbili. Mtume akampa yule Ansari dirhamu zote mbili: moja anunue chakula cha watu wake, na ya pili anunue shoka amletee. Alipolileta, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwamuru aende akakate kuni na kuuza, na asimuone kwa siku 15. Alirudi akiwa amepata dirhamu 10, akanunua nguo na chakula.

Ewe msomaji, itazame Hadithi hii kwa makini. Kwanza, dirhamu ya chakula ilitangulia. Mwenye njaa haambiwi akafanye kazi kwanza ndipo watoto wake wale. Pili, dirhamu ya chombo cha kazi haikucheleweshwa mpaka mwaka ujao, ilitolewa siku ile ile. Hapa ndipo penye maradhi yetu. Sisi tumeshika dirhamu ya kwanza, tukaisahau ya pili. Kila Ramadhani tunatoa chakula, tunapigwa picha, tunarudi nyumbani tukidhani kazi imekwisha.

Wala hili si fikra mpya ya wasomi wa chuo kikuu. Sisi wa pwani hii wengi wetu ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi. Imam Nawawi, aliye miongoni mwa nguzo za madhehebu hayo, ameeleza katika Al-Majmuu kwamba fakiri na maskini hupewa katika Zaka kiasi cha kuwatoa katika uhitaji na kuwafikisha kwenye kujitosheleza. Mwenye ufundi hupewa cha kununulia vyombo vya ufundi wake, na mfanyabiashara hupewa mtaji wa biashara anayoijua. Tujiulize, ni kamati ngapi za misikiti yetu zinazofanya hivyo?

Ndugu zetu wa ng'ambo ya Lamu

Lakini kuna jambo la tatu katika Hadithi ile ambalo hatulitazami kwa kuwa liko wazi mno. Yule Ansari alipopewa shoka, alikuwa na mahali pa kwenda kukata kuni. Bonde lilikuwa wazi. Je, kama bonde lingekuwa limefungwa? Shoka lingebaki kipande cha chuma na mpini wake. Ili tuelewe jambo hili, nawaomba tusafiri kidogo mpaka kaskazini ya pwani yetu, kwa ndugu zetu Waislamu ambao wengi wetu hatujawahi hata kuwasikia.

Kila mwaka Waislamu kutoka Tanzania Bara na Zanzibar huwa miongoni mwa wageni wanaokwenda Lamu kwa Maulidi ya Riyadha. Sizungumzii hapa mjadala wa Maulidi, hilo lina mahali pake. Nazungumzia safari. Basi huwafikisha kwenye gati la Mokowe, wakapanda boti, wakavuka kwenda kisiwani. Wachache sana hugeuka nyuma kutazama bara waliyoiacha. Katika misitu ya bara hiyo, kuelekea mpaka wa Somalia, wanaishi watu wanaoitwa Waboni. Wao wenyewe hujiita Aweer. Ni watu wachache, lugha yao ni ya Kikushi, na ni Waislamu. Vijiji vyao ni kama Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe.

Kwa vizazi vingi watu hawa waliishi kwa kuwinda, kukusanya matunda na mizizi ya porini, na kurina asali. Wanamfuata ndege anayewaonyesha penye mzinga wa nyuki, wakarina, wakamwachia na yeye sehemu yake. Palipofaa walilima mashamba madogo. Hii maana yake ni kwamba hawakutegemea riziki ya aina moja. Mvua ikikosekana na mahindi yakakauka, asali ipo. Asali ikipungua, nyama ipo. Nyama ikikosekana, mizizi ipo. Hiyo ndiyo ilikuwa ghala yao, na funguo za ghala hiyo zilikuwa mikononi mwao wenyewe.

Kisha milango ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Katika vita vya Shifta vya miaka ya 1960 watu hawa walikusanywa kutoka msituni wakawekwa katika vijiji kandokando ya njia iendayo Kiunga. Mwaka 1976 sehemu kubwa ya msitu ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya wanyama, Boni. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima. Tuwe waadilifu: tembo na faru walikuwa wanamalizwa na majangili, na serikali ilikuwa na sababu ya kuchukua hatua. Lakini sheria ile haikutofautisha kati ya jangili anayesafirisha pembe za ndovu na baba anayetafuta kitoweo cha watoto wake. Wote wakawa wahalifu.

Wakabakia na kilimo na asali. Kilimo chenyewe kina tembo, nyati na nyani wanaovamia mashamba, na mwenye shamba haruhusiwi kuwagusa. Kufuga ng'ombe nako ni kugumu kwa sababu ya mbung'o. Kisha likaja la mwisho, nalo ndilo zito zaidi. Mwezi Juni mwaka 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na maeneo ya jirani, na kundi la Al-Shabaab likadai kuhusika. Wauaji hawa waliufanya msitu wa Boni kuwa maficho yao. Mwezi Septemba 2015 serikali ya Kenya ikaanzisha operesheni ya kijeshi iliyoitwa Linda Boni. Ilitangazwa kuwa ya siku 90, lakini iliendelea kwa miaka. Waboni wakazuiwa kuingia msituni. Shule za vijiji vyao zikafungwa, zahanati zikafungwa, na watu ambao hawakuwa wakimuomba mtu kitu wakawa wanasubiri magari ya chakula cha msaada.

Ndugu zangu, hapa lazima tuseme wazi. Wanaobeba silaha na kuchinja watu kwa jina la dini yetu wamewafungia Waislamu hawa mlango wa riziki kabla ya askari yeyote. Asiyewaogopesha wasafiri tu bali akawanyima na wajane asali yao, anapigania dini gani?

Njaa na hofu

Mwenyezi Mungu (S.W) katika Suratu Quraysh aliwakumbusha Makuraysh neema mbili akaziweka pamoja: kuwalisha wasife njaa, na kuwapa amani wasiwe na hofu. Makuraysh waliishi katika bonde lisilo na mimea. Riziki yao ilikuwa safari mbili za biashara, ya kipupwe na ya kaskazi. Bila amani ya njiani hakuna safari, bila safari hakuna chakula. Kwa hiyo anayedhani suala la njaa ni suala la mvua na mbegu peke yake, hajaisoma sura hii fupi ambayo watoto wetu wa madrasa wanaihifadhi mwezi wa kwanza.

Sasa turudi kwenye bonde. Imam Bukhari amepokea kisa cha Khalifa Umar bin Khattab (r.a) ambaye alikuwa ametenga malisho ya hifadhi kwa ajili ya wanyama wa dola. Alimweka kijana wake aliyeitwa Hunayy kuyasimamia. Angalia wasia aliompa. Alimwamuru awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, lakini awe mwangalifu na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan (r.a). Sababu? Kwamba hawa wawili mifugo yao ikifa watarudi kwenye mitende na mashamba yao, ama yule mwenye wanyama wachache, wakifa, atakuja kwa Khalifa na watoto wake akilia. Umar akaongeza kwamba kutoa maji na majani ni rahisi kwake kuliko kutoa dhahabu na fedha. Kisha akakiri kwamba watu wale wanaona wamedhulumiwa, kwa kuwa ardhi ni yao, waliipigania kabla ya Uislamu na wakasilimu wakiwa juu yake.

SubhanAllah! Umar hakufuta hifadhi. Alijua dola inahitaji malisho yake. Lakini alijua pia kwamba tajiri ana riziki mbili, tatu, na maskini ana moja tu. Ukiifunga moja ya maskini umemuua, ukiifunga moja ya tajiri umempunguzia. Basi hifadhi ikifungwa, maskini awe wa kwanza kufunguliwa. Aidha, alijua hesabu ambayo serikali nyingi za leo hazijaipiga: kuwanyima watu majani leo ni kuwalisha kwa fedha za hazina kesho.

Na isidhaniwe kuwa haya yaliwezekana zama za Masahaba tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Kifungu cha 56 kinaiagiza serikali iwe na mipango maalumu kwa ajili ya jamii ndogo na zilizotengwa, na kifungu cha 63 kinazitambua ardhi za asili za jamii za wawindaji na wakusanyaji. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni hapa kwetu Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki za Waogiek, warina asali wa msitu wa Mau, kwa kuwaondoa katika ardhi yao. Maneno yapo kwenye karatasi. Kinachokosekana ni watu wa kuyasimamia.

Hapa Tanzania nako tunao Wahadzabe wa bonde la Yaeda, karibu na ziwa Eyasi. Wengi wao si Waislamu, lakini uadilifu haugawiwi kwa kuangalia dini ya mtu. Mwaka 2011 walipata hati za kumiliki ardhi yao kwa pamoja. Baada ya hapo wakaweza kuingia katika mradi wa kulipwa kwa kuutunza msitu wao usikatwe, na fedha hizo zikasaidia mishahara ya walinzi wa msitu wanaotoka miongoni mwao, matibabu na masomo ya watoto. Sisemi kwamba matatizo yao yamekwisha. Lakini tazama utaratibu: bonde lilifunguliwa kwanza, shoka likapata kazi, na riziki ya pili na ya tatu zikazaliwa.

Nyumba tatu za nyuki

Wapo watakaosema: Ustadh, sisi wa Tegeta, Bunju na Mbagala tutafanya nini na msitu wa Kenya? Swali zuri. Nami nasema tuanze na tunachoweza.

Katika Suratun-Nahl, aya ya 68, Mwenyezi Mungu (S.W) ameeleza kwamba nyuki wamefunuliwa kufanya makazi katika majabali, katika miti, na katika vile wanavyojenga wanadamu. Nyumba tatu. Waboni wamefungiwa miti ya msitu, lakini nyumba ya tatu, yaani mzinga unaojengwa na mwanadamu karibu na kijiji, inawezekana kwa msaada mdogo. Mtu anayemjua nyuki tangu utoto haletewi mtaalamu wa kumfundisha asali. Anahitaji mizinga, vyombo vya kukamulia, na mnunuzi mwaminifu asiyemlalia bei. Vivyo hivyo mbegu za ufuta na kunde, na ghala la kuhifadhia mavuno. Nabii Yusuf (a.s) aliwaokoa watu wa Misri si kwa kugawa ngano siku ya njaa peke yake, bali kwa mpango wa miaka saba kabla ya njaa kufika, nafaka ikiachwa katika masuke yake. Na watoto wao wanahitaji kulipiwa masomo katika miji iliyo salama, kwani elimu ni bonde ambalo hakuna anayeweza kulifunga likishaingia kifuani. Habib Swaleh, aliyeasisi Riyadha pale Lamu, alikumbukwa na watu kwa sababu aliwafungulia darasa wale ambao wakubwa wa mji waliwaona hawastahiki kusoma. Wanaokwenda kumkumbuka wasiisahau kazi yake.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

Kwanza, kila kamati ya sadaka igawanye inachokusanya katika dirhamu mbili. Moja ya chakula, kwa wenye njaa ya leo, wagonjwa na wazee wasioweza kazi. Nyingine ya chombo cha kazi: nyavu, cherehani, mizinga, mtaji mdogo. Hata ikiwa fungu la pili linatosha mtu mmoja tu kwa mwaka, baada ya miaka 10 ni nyumba 10 zilizotoka katika orodha yetu.

Pili, tuulize kabla ya kutoa. Mtume (S.A.W) alimuuliza yule Ansari ana nini nyumbani, hakuanza na alichokosa. Waboni wana elimu ya msitu, na yule mzee wangu ana elimu ya bahari. Anayeletewa msaada bila kuulizwa hugeuzwa mtoto.

Tatu, wale wanaosafiri kwenda Lamu, kwa Maulidi, kwa biashara au kwa harusi, wawaulize masheikh wa pale habari za ndugu zao wa bara, na wasiende mikono mitupu. Kabila la Ash'ari, kama walivyopokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa (r.a), chakula kikiwapungukia walikusanya chote walichonacho katika nguo moja, wakagawana sawasawa, na Mtume akasema kwamba wao ni wake na yeye ni wao. Nani asiyetamani kuambiwa hivyo?

Nne, tuzungumze habari ya bonde. Masheikh na taasisi zetu za pande zote mbili za mpaka zisiishie kupeleka magunia. Ziwaulize wenye mamlaka kwa adabu na kwa hoja: Waboni watarudi lini kurina asali? Shule za watoto wao zina walimu? Hapa kwetu nako tuulize, mvuvi mdogo na mkulima aliyeuza shamba lake kwa bei ya shida, mji ulipomfuata alibakiwa na riziki gani?

Nimalizie na yule mzee wa Mbweni. Baada ya Idi tulichangishana walimu watatu, tukamnunulia nyavu. Hatukupiga picha. Hajawa tajiri, bahari yenyewe siku hizi si ile ya zamani, na ipo miezi hapati kitu. Lakini Ramadhani iliyofuata, magharibi ya siku ya tatu, mtoto alinibishia hodi akiwa na kifurushi cha samaki kutoka kwa babu yake. Nilifuturu kwa samaki wale, nikamkumbuka Mtume (S.A.W) akilitia mpini shoka la mtu maskini kwa mkono wake mwenyewe.

Wapo ndugu zetu msituni ambao shoka wanalo tayari. Wanachosubiri ni sauti zetu, ili bonde lifunguliwe.

Ewe Mola wetu, uliyewalisha Makuraysh katika njaa na ukawapa amani katika hofu, walishe ndugu zetu wa Boni na uwape amani, wafungulie milango ya riziki ya halali, na utujaalie sisi tuwe sababu ya kufunguka kwake. Amin.

Wabillahi Tawfiq.